Fuata Mvua: Mwongozo wa Kutazama Ndege, Wanyama na Maua Busia na Malaba

Wazungu wa Uingereza husubiri mwezi wa Aprili kwa hamu. Mchana unarefuka, miti inachanua, ndege wanaimba kuanzia alfajiri. Huku Busia, chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, jua halijui kurefusha mchana. Linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Anayebadilisha mambo ni mvua. Mvua ndiyo inayootesha nyasi, nyasi ndizo zinazozaa mbegu na kulisha wadudu, na wadudu ndio chakula cha makinda. Ndege wa hapa hajengi kiota kwa sababu ni Aprili. Anajenga kwa sababu nyasi zimesimama.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni fupi: fuata mvua, usifuate kalenda. Masika huku huanza kwa kawaida mwezi wa Machi na kushika kasi Aprili na Mei, lakini mwaka mmoja huwahi na mwingine huchelewa, na kila kitu utakachotazama huwahi au kuchelewa nayo.

Kanuni ya pili: huhitaji mbuga. Kenya ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na sehemu kubwa ya wale wa magharibi wanaishi kandokando ya mashamba, kwenye kingo za mito, vinamasi na vipande vya malisho vilivyosalia. Ukitoka nyumbani Burumba, hapa Busia mjini, kwa miguu saa 12:30 asubuhi, utakuwa umeanza safari.

Msimu kwa hatua zake

Kabla ya mvua. Mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi, nchi ikiwa bado kavu, tafuta murembe. Huu ni mti mfupi wenye gome lililopasukapasuka na miiba, unaoheshimiwa sana na Waluhya na ambao wazee hawakubali ukatwe ovyo. Huchanua maua mekundu ukiwa hauna majani, kwa hiyo ndege anayekuja kunywa nekta hana pa kujificha. Simama umbali wa hatua ishirini, jua likiwa mgongoni mwako, uhesabu aina za chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda na manyoya yanayometa.

Wakati huo huo angalia nyaya za umeme. Mbayuwayu waliokuja kutoka kaskazini mwaka uliotangulia hujipanga hapo kwa wingi kabla ya kurudi kwao. Mnamo saa nne asubuhi, hewa ikishapata joto, inua macho juu zaidi: ukibahatika utaona makundi ya korongo weupe wakizunguka na kupanda bila kupiga mbawa, nao wakielekea kaskazini.

Sikiliza pia. Kekeo, ndege wa kijivu mwenye kifua chekundu asiyependa kuonekana, hurudia sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, hata usiku. Dudumizi naye hutoa mlio mzito unaoteremka kama maji yanayomiminwa kutoka chupani. Wakulima wengi wakisikia hao wawili huharakisha kulima, na hawana makosa, kwa maana ndege hao hupaza sauti zaidi unyevu unapoongezeka.

Mvua za kwanza. Mvua kubwa mbili tatu zikinyesha, toka asubuhi yake. Kumbikumbi wataanza kutoka vichuguuni. Watoto watakuwa wameshawahi na blanketi na masufuria, na Waluhya watakuambia kwa furaha habari za chiswa, yaani kumbikumbi hao. Wewe simama kando ya kichuguu ambacho hakijafunikwa. Hapo mwewe, yangeyange, mbayuwayu, kunguru na hata kongoti watakula pamoja, na utaona katika nusu saa kile ambacho ungekitafuta wiki nzima. Ni nafasi bora kwa anayeanza, kwa sababu ndege wanashughulika na mlo na hawakujali.

Siku hizo hizo tazama chini. Kuna ua jekundu la duara, la ukubwa wa ngumi au zaidi, linalochomoza ardhini kivulini likiwa limetangulia majani yake. Usilichimbe; kitunguu chake kina sumu, na likiachwa litarudi palepale mwaka ujao.

Katikati ya masika. Aprili na Mei ndio wakati wa mavazi. Kweche dume, ambaye kiangazi hufanana na shomoro yeyote wa kahawia, sasa ni mweusi na mwekundu wa kung'aa, amevimbisha manyoya na kurukaruka juu ya nyasi ndefu akitetea eneo lake. Magharibi ya Kenya ina aina kadhaa zao: mmoja ana rangi nyekundu, mwingine njano, mwingine ni mweusi mwenye rangi ya chungwa shingoni. Fumbwe dume amevaa mkia mrefu kuliko mwili wake na anapaa na kushuka mbele ya majike. Jike hatajenga kiota. Atataga mayai yake kwenye kiota cha ndege mwingine mdogo wa nyasi na kumwachia malezi. Mvua zikiisha, madume hao wote huvua mavazi, na usipokuwa umejifunza maumbo yao hutawajua tena.

Minana nao hujaza miti ya mjini kwa viota vinavyoning'inia. Dume ndiye fundi. Akimaliza, huning'inia chini ya kiota na kupiga mbawa amwite jike aje kukagua. Jike akikataa na majani yakianza kunyauka, dume hubomoa na kuanza upya. Tazama mti mmoja kwa dakika 15 tu utamwona aliyekubaliwa na aliyekataliwa.

Na sasa kito cha Busia. Wakati mbayuwayu wa kaskazini wameshaondoka, kuna mbayuwayu wengine wanaofika kutoka kusini. Ni wa buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, mwili mzima, na mkia wao una nyuzi mbili ndefu. Jina lao la kisayansi ni Hirundo atrocaerulea. Huzaliana katika nyanda za juu kuanzia kusini mwa Tanzania hadi Afrika Kusini, kisha, kati ya Aprili na Septemba hivi, huja kukaa kwenye nyasi za ukanda wa Ziwa Viktoria. Duniani wamebaki wachache, na nyasi za Busia zimeorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya kwa sababu yao. Watafute wakiruka chini kabisa juu ya malisho yaliyo wazi. Hawapendi miwa wala mahindi.

Mvua zikipungua. Juni ni mwezi wa makinda na wa mbegu. Ukiona ndege mwenye rangi zilizofifia akimfuata mkubwa huku akitetemesha mbawa, huyo ni kinda anayeomba chakula. Kando ya barabara, maua malulu, yale makubwa ya manjano yaliyoletwa kutoka Amerika na ambayo majani yake wakulima huyatumia kama mbolea ya kijani, huanza kufunguka na kuvuta vipepeo.

Ukikosa masika yote haya, usikate tamaa. Mvua za pili hurudi kuanzia Agosti hivi, na mengi hujirudia.

Mahali pa kusimama

Mjini. Anza na miti mikubwa karibu na masoko na machinjio ya Busia na Malaba. Kongoti, yule korongo mrefu mwenye upara na mfuko shingoni, hukaa hapo akisubiri mabaki. Kwarara hupiga kelele akipita alfajiri. Kwenye miti ya matunda tafuta ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo wa njano, Crinifer zonurus, anayecheka kwa sauti ya juu. Ni wa kawaida sana huku, ilhali mtu wa Nairobi hawezi kumwona bila kusafiri. Kwenye ua wa miti, tafuta ndege mweusi mgongoni na mwekundu kuanzia kooni hadi tumboni, mwenye jicho la njano. Dume huita na jike hujibu haraka kiasi kwamba utadhani ni ndege mmoja.

Mto Sio. Barabara ya Busia kwenda Bumala huuvuka mto huu. Kingo zake ni za fundichuma mwenye kiota kikubwa cha vijiti, midiria wanaopiga mbizi, na kenge anayeota jua juu ya gogo. Mabonde yenye maji yaliyotuama kando yake ni ya yungiyungi, maua meupe au ya zambarau hafifu yanayofunguka jua likitoka, na ya korongo taji.

Korongo taji hahitaji maelezo mengi: Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Lakini wachache wanajua kwamba tangu 2012 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Hujenga kiota katikati ya kinamasi, maji yakikizunguka, na hutaga mayai mawili hadi manne. Mvua ikichelewa au kinamasi kikichimbwa mitaro, mbweha na mbwa hufika kwenye mayai kwa miguu mikavu. Ukiona jozi imesimama mahali pamoja siku baada ya siku, kaa mbali. Wakiacha kula na kunyoosha shingo kukutazama, umeshakaribia mno. Rudi nyuma.

Alupe na njia ya Malaba. Ukitoka Busia kuelekea kaskazini, angalia vipande vya nyasi ambavyo havijalimwa, hasa karibu na viwanja vya taasisi. Hapa ndipo pa kutafuta mbayuwayu wa buluu, kweche na fumbwe. Nenda asubuhi ya baada ya mvua.

Milima ya Chelelemuk, Teso Kaskazini. Kwenye jabali la Kakapel, lenye michoro ya kale na linalolindwa kama mnara wa kitaifa, maumbile hubadilika. Mijusi madume wenye vichwa vyenye rangi kali hutikisa vichwa juu ya mawe, na kutoka juu utaona tai na mwewe wakipita usawa wa macho yako. Usiguse michoro wala usiimwagie maji ili ionekane vizuri kwenye picha.

Sio Port na kinamasi cha Yala. Kusini kabisa ni nchi ya mafunjo. Wapo ndege ambao hawaishi kwingine ila ndani ya mafunjo, na maarufu zaidi ni Laniarius mufumbiri. Amefanana na yule mwekundu wa mjini, lakini ana utosi wa dhahabu na mstari mweupe kwenye bawa. Usiingie kumtafuta. Simama ukingoni, mahali mafunjo yanapopakana na maji au njia, usubiri sauti. Kinamasi cha Yala, kinachogusa kaunti za Busia na Siaya, kina ukubwa wa takriban hekta 17,500. Upande wa Ziwa Kanyaboli, kwa mtumbwi alfajiri, kuna uwezekano wa kumwona nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye tope. Akiogopa, huzama na kubakiza pua juu ya maji. Kodi mtumbwi wa mvuvi anayeyajua maji hayo na mkubaliane bei kabla ya kupanda.

Vifaa

Darubini ndogo yatosha. Namba ya kwanza iliyoandikwa juu yake ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Chukua ya 8x32 au 8x42. Inayokuza zaidi hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo, na ndege mwepesi atakuwa ameondoka kabla hujampata. Jizoeze hivi: mkazie macho ndege, kisha inua darubini hadi machoni bila kuondoa macho kwake.

Kitabu kinachotumiwa zaidi ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002. Kwenye simu, programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell hailipiwi. Pakua orodha ya Kenya ukiwa na intaneti nzuri, kwa sababu kinamasini huenda usiwe na mtandao. Ichukulie kama mshauri. Ikikuambia jina la ndege ambaye hajawahi kuonekana magharibi ya Kenya, amini macho yako.

Vaa gambuti, suruali ndefu na nguo zisizong'aa. Beba daftari, penseli, maji ya kunywa na koti la mvua.

Jinsi ya kumtambua ndege usiyemjua

Wengi huanza na rangi, kisha hupotea. Jiulize kwanza maswali haya manne. Ana ukubwa gani ukimlinganisha na shomoro, njiwa au kunguru? Mdomo wake ni mnene wa kuvunja mbegu, mwembamba wa kukamata wadudu, au umepinda? Anafanya nini: anatembea, anarukaruka, anatikisa mkia, ananing'inia? Yuko wapi: juu ya mti, ndani ya nyasi, ukingoni mwa maji? Rangi iwe swali la tano. Andika majibu kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu ukishaona picha, kumbukumbu yako itaanza kufanana nayo.

Mtu mwenye darubini mpakani

Hapa Busia inatofautiana na kwingine, na mwongozo wa kigeni hautakuambia. Maji mazuri kwa ndege mara nyingi ndiyo mpaka wenyewe: sehemu za chini za mto Sio zinatenganisha Kenya na Uganda, na mto Malaba unafanya vivyo hivyo kaskazini. Humo pia ndimo zinamopita njia za panya. Mtu aliyejibanza kichakani na darubini alfajiri atadhaniwa ni askari, au ni mwenzao wale wanaowakimbia askari.

Basi fanya hivi. Siku moja kabla, mtafute liguru au mzee wa kijiji umweleze nia yako. Ukikutana na watu shambani, wewe ndiye wa kutangulia kusalimu: mulembe kwa Waluhya, yoga kwa Wateso, halafu mwonyeshe mzee au mama uliyemsalimu kitabu chako na umpe darubini atazame. Mara nyingi atakuambia kiota kiko wapi. Tembea waziwazi njiani. Usielekeze darubini wala kamera kwenye kituo cha mpakani, maafisa wa forodha, polisi au malori yaliyo foleni, hata kama kongoti ametua juu yake. Ukitaka kuendelea upande wa pili, pita kituoni na kitambulisho chako. Tangu 2018 kazi ya nchi zote mbili Busia inafanyika pamoja katika kituo kimoja. Usivuke mto kwa kumfuata ndege.

Utakutana pia na wanaotega. Ukiona vikapu vimeinuliwa juu ya mti mrefu shambani, ndani yake kuna tombo wanaoita wenzao kuelekea mitegoni. Ni ufundi wa zamani wa magharibi, lakini siku hizi kukamata na kufuga ndege wa porini kunahitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Si kazi yako kugombana na mtu. Uliza maswali, mtegaji anajua safari za tombo kuliko vitabu. Mtoto mwenye manati mkaribishe atazame nawe.

Hatari za kuchukulia kwa uzito

Mvua za huku hupenda kunyesha alasiri, na huja na radi. Maliza kazi yako kabla ya saa nane mchana. Ikikukuta uwandani, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Usiingie majini miguu mitupu kwa sababu ya kichocho. Malaria ipo mwaka mzima na huzidi masika, kwa hiyo funika mikono jioni na ulale ndani ya neti. Katika nyasi ndefu tembea ukikanyaga kwa kishindo. Lakini moma mara nyingi hakimbii, hutulia tu akitegemea kujificha, kwa hiyo angalia unapokanyaga. Na kabla ya kwenda Budalangi, uliza hali ya mto Nzoia. Kingo zake zikipasuka, barabara na vijiji hufunikwa na maji, na wakati huo wenyeji wana shughuli kubwa kuliko wageni wa ndege.

Andika ulichokiona

Kila ukitoka, andika tarehe, mahali, saa ulizokaa, na idadi ya kila aina. Andika pia kama mvua ilinyesha jana yake. Takwimu hizo zipeleke kwenye tovuti ya eBird au kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya inayohusisha Makumbusho ya Taifa. Ukitaka wenzako, shirika la Nature Kenya, lililoanza mwaka 1909 kama chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, lina vikundi vya wenyeji vinavyolinda maeneo muhimu ya ndege, kikiwemo cha Yala. Siku nzuri ya kuanza ni Jumamosi ya pili ya Mei, ambapo watazamaji wa ndege duniani kote huhesabu walichokiona kwa siku moja. Kwetu huangukia katikati ya masika, kweche wakiwa wamevaa.

Usidharau orodha yako kwa sababu ni ya Burumba. Watafiti hupita Busia kwa nadra, na malisho yanageuka miwa na mihogo kila mwaka. Shamba ambalo hakuna aliyeandika kwamba lilikuwa na mbayuwayu wa buluu likilimwa, hakuna atakayeweza kusema nini kimepotea. Lililoandikwa lina mtu wa kulitetea mbele ya kaunti, na ana tarehe mkononi.